Umepata kasha la gemu ya zamani Malindi? Namna ya kuokoa michoro, vijitabu na flopi zake

Simu ninazopigiwa zafanana. Mtu amepata kasha la kadibodi kwenye nyumba ya Mtaliano aliyehama, ndani mna flopi (zile diski za kompyuta za zamani), kijitabu na karatasi zenye picha za maharamia, naye anauliza: hivi ni vya nini, nivitupe au niviuze, na mbona vyanuka? Malindi tuna bahati yetu. Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, wakaja na watoto wao, na watoto wakaja na kompyuta zao. Wenyewe wakiondoka, vitu hubaki stoo. Basi nimeamua kuyaandika majibu yote mahali pamoja.

Kasha langu la kwanza nilipewa na bawabu mmoja upande wa Casuarina. Alikuwa amekusanya takataka chini ya mnazi, kiberiti mkononi. "Mwanangu, kama wayataka chukua, mimi natia moto sasa hivi." Ndani ilikuwamo gemu ya The Secret of Monkey Island ya Kiitaliano, pamoja na lile gurudumu lake la kadibodi lenye nyuso za maharamia. Nilifurahi hata nikakosa subira. Nilifika nyumbani, nikachukua kitambaa kibichi, nikalipangusa gurudumu, kisha nikalianika darini kwenye jua. Kufika alasiri kadibodi ilikuwa imejikunja kama ng'onda, na nusu ya uso wa haramia mmoja ilikuwa imehamia kwenye kitambaa. Kitambaa kile ninacho hadi leo. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu wote ni moja: picha kwanza, mkono baadaye. Kabla hujasafisha, hujagundisha na hujajaribu kucheza, chukua picha ya kitu kama kilivyo.

Neno fupi kuhusu thamani yake. Gemu za visa na mafumbo za miaka ile zilionyeshwa kwenye skrini ya nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000 tu kwa picha nzima. Lakini wachoraji wake walipaka rangi kwenye karatasi halisi. Steve Purcell ndiye aliyechora majalada ya Monkey Island mbili za kwanza, na mandhari za ile ya pili, ya mwaka 1991, zilichorwa kwa mkono na yeye na Peter Chan kisha zikaskaniwa. King's Quest V ya 1990 nayo ilifanywa hivyo. Skana za wakati ule zilipoteza mengi ya mchoro, na kampuni zenyewe hazikudumu: Sierra, ya King's Quest, iliuzwa ikauzwa tena, na LucasArts, ya Monkey Island, ilifungwa na Disney mwaka 2013. Michoro ya asili ikatawanyika, mingine kwa wachoraji wenyewe, mingine kwa wakusanyaji, na mingine hakuna aliyejitokeza kusema anayo. Pale ambapo mchoro wa asili hauonekani, kasha safi au kijitabu kizima ndicho kinachobaki karibu zaidi na brashi ya mchoraji. Ndiyo maana huniuma nikiona kikichomwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Skana ya kulaza, ile yenye kioo. Kama huna, saiba nyingi wanayo. Enda asubuhi kabla hapajajaa, na uombe kuiendesha mwenyewe.
- Simu yenye kamera nzuri, na kitu cha kuishikilia isitikisike.
- Brashi laini ya rangi ya maji, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi.
- Glavu na barakoa. Koga, yaani kuvu, si kitu cha kuvuta kifuani.
- Penseli, rula na bahasha za karatasi nyeupe.
- Kisoma flopi cha inchi 3.5 cha kuchomeka USB, ikiwa kasha lina flopi.
- Vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi. Waombe wauza viatu wakuwekee.
- Hadi diski (hard disk) ya nje na flashi moja kubwa.

Seloteipu, gundi na mipira ya kufungia viweke chumba kingine kabisa.

Hatua

1. Kitenge kitu ulichopata. Usikiingize chumbani penye vitabu vyako. Kiweke kwenye boksi la karatasi, si mfuko wa plastiki, mahali penye kivuli na hewa, kwa wiki mbili. Chungulia kila baada ya siku mbili tatu: unga wa mchwa, mayai ya mende, madoa meupe au ya kijani ya koga. Jua la moja kwa moja hapana. Feni ni sawa, ila iitazame ukuta, isipulize koga likatapakaa nyumba nzima.

2. Piga picha ya kila kitu kilivyo. Kasha pande zote sita. Kisha fungua, na upige kila tabaka kabla ya kulitoa, vumbi na yote. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: kilipatikana wapi, lini, kilikuwa na nini.

Hapa ndipo watu hutupa mali wakidhani ni taka. Kampuni za gemu zilikuwa zikitia vitu vya ajabu ndani ya kasha, mara nyingine kwa kupamba hadithi, mara nyingine ili mwenye nakala ya wizi ashindwe kucheza. Deadline ya kampuni ya Infocom, mwaka 1982, ilikuja na faili la upelelezi lenye mahojiano na vidonge ndani ya kifuko, kwa sababu maelezo yote hayakuenea kwenye diski. Zak McKracken ya 1988 ilikuwa na gazeti la udaku. Indiana Jones and the Last Crusade ya 1989 ilikuwa na shajara ya baba yake Indiana, na bila shajara hiyo huwezi kukitambua kikombe cha kweli mwishoni. Loom ya 1990 ilikuwa na kaseti ya mchezo wa kuigiza unaosimulia yaliyotokea kabla ya gemu kuanza, na kijitabu cha nyuzi za uchawi. Beneath a Steel Sky ya 1994 ilikuwa na katuni iliyochorwa na Dave Gibbons. Kwa hiyo ukikuta kaseti isiyo na jina, gazeti la kipuuzi au kipande cha plastiki nyekundu, usitupe. Kipande hicho chekundu tutakihitaji hatua ya sita.

3. Safisha kwa ukavu. Brashi laini, kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Penye koga fanyia nje ya nyumba, uso umefunikwa, upepo ukiwa nyuma yako. Ndio usafi wote huo. Maji, sabuni, spiriti, vile vitambaa vibichi vya kupangusia mtoto: hakuna. Doa lililobaki liache. Doa halimzuii mtu kuona mchoro, rangi iliyofutika hairudi.

4. Toa kutu. Hewa yetu ya chumvi hula pini za stepla kuliko kitu chochote. Pini ya kijitabu ikishika kutu, inaacha alama ya rangi ya chai inayopenya kurasa nne au tano. Kaa mwangani, ingiza kisu butu cha meza chini ya miguu ya pini, nyoosha mguu mmoja mmoja, kisha itoe kwa upande wa mgongo. Usiivute kwa kucha. Kurasa zishone baadaye kwa uzi mweupe wa pamba ukipitia matundu yaleyale.

5. Skani. Hapa usiwe na haraka.

Panguza kioo cha skana kwanza, kwa kitambaa kikavu. Kwa maandishi matupu nukta 300 kwa inchi zatosha. Kwa majalada, ramani na kila chenye mchoro, tumia 600. Ukurasa wa A4 kwa 600 hutoa picha ya nukta 4,960 kwa 7,016, karibu milioni 35. Linganisha na zile 64,000 za skrini, ndipo utajua unaokoa nini. Hifadhi kwa TIFF au PNG. TIFF moja ya namna hiyo hufika kama MB 104, kwa hiyo flashi ndogo itajaa mapema. JPEG ni ya kumtumia rafiki; kila ukiihifadhi upya inapoteza kitu.

Zima vitufe vyote vya "kuboresha": kung'arisha, kuondoa vumbi, kunoa. Skana haijui lipi ni vumbi na lipi ni nyota aliyoitia mchoraji. Weka rula pembeni mwa picha ya kwanza ya kila kitu, ili atakayeiona ajue ukubwa wake halisi.

Kasha halitoshei kwenye kioo? Usilikunjue wala kulikata pembe. Skani upande mmoja vipande vipande, kila kipande kikiingiliana na mwenzake kwa robo, kisha viunganishe kwa programu kama Hugin, ambayo ni ya bure. Ramani na bango kubwa ni afadhali uvipige picha. Mwanga bora nilioupata ni barazani kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, jua likiwa halijaingia. Bandika bango ukutani kwa sumaku na bati au lilaze chini, simama hatua mbili nyuma, kuza mara mbili badala ya kusogea karibu. Ukisogea, kingo zitapinda kama mtungi.

6. Gurudumu na karatasi nyekundu. Gurudumu la Monkey Island ya kwanza ni duara mbili zilizoshikwa kwa ribiti katikati. Gemu ikianza inakuonyesha sura ya haramia na kukuuliza alinyongwa lini katika mji fulani. Unazungusha mpaka nusu ya juu ya uso ikutane na nusu ya chini, kisha unasoma mwaka kwenye dirisha la mji ule. Wengi huing'oa ribiti ili waskani duara zote mbili. Usifanye hivyo. Kadibodi ya tundu ikichanika, gurudumu halizunguki tena. Weka gurudumu kwenye kioo, skani, zungusha hatua moja, skani tena, mpaka urudi ulipoanzia. Ni kazi ya saa nzima, na kila mwaka uliofichwa utakuwa umeupata. Ribiti ikiwa imeshika kutu na haizunguki, usilazimishe. Skani ilivyo, ishie hapo.

Kijitabu cha Loom kina maandishi yaliyofunikwa kwa wino mwekundu, yasomekayo kwa ile plastiki tu. Plastiki imepotea? Skani ukurasa kwa rangi kamili, ufungue kwenye GIMP, programu ya bure ya picha, utenganishe chaneli za rangi, utazame ile nyekundu peke yake. Wino mwekundu utageuka mweupe na maandishi yaliyofichika yatasimama meusi mbele yako. Mara ya kwanza nilipoona yakitokea nilimwita mke wangu aje kuona. Lakini faili ya kutunza ni ile ya rangi kamili, si hii.

7. Flopi. Kabla ya kuichomeka, zuia isiandikwe. Kwenye flopi ya inchi 3.5, sogeza kile kitufe cha pembeni mpaka tundu liwe wazi na uone upande wa pili. Kwenye zile kubwa laini za inchi 5.25 ni kinyume: funika pengo la ubavuni kwa karatasi ya gundi. Watu huzichanganya hizi mbili.

Kisha, kwa ile ya inchi 3.5, sogeza kifuniko cha chuma, zungusha kitovu kwa kidole, utazame utando wa kahawia. Ukiona mviringo wa ukungu au vidoadoa vyeupe, simama. Flopi yenye koga huchafua kichwa cha kisomaji, na kichwa kichafu huharibu flopi itakayofuata.

Flopi safi ichomeke. Windows ikikuambia diski haijafomatiwa na kuuliza kama uifomati, jibu ni hapana. Mara nyingi flopi ni nzima, ila ni ya Amiga, kompyuta ya aina nyingine, na kisomaji cha USB hakiwezi kusoma mpangilio wa Amiga. Katika nyumba za Waitaliano utazikuta nyingi, maana Amiga ilipendwa sana Ulaya. Monkey Island 2 ya Amiga peke yake ni flopi 11. Hizo zahitaji kadi kama Greaseweazle pamoja na kisomaji cha zamani cha ndani ya kompyuta. Kadi hiyo husoma mawimbi ya sumaku yenyewe bila kujali ni flopi ya mashine gani.

Flopi za PC zichukulie nakala nzima, si kukokota mafaili. Kwenye kompyuta ya Linux, tumia programu ya ddrescue:

ddrescue -d -r3 /dev/sdX diski1.img diski1.map

Badala ya X weka herufi ya kisomaji chako, uihakikishe kwanza kwa amri ya lsblk. Flopi ya MB 1.44 ikikamilika hutoa faili ya baiti 1,474,560 kamili, na ya KB 720 hutoa 737,280. Ukubwa peke yake hautoshi, tazama pia kama ddrescue imeripoti sehemu zilizoshindikana. Fanya kazi hii kwenye laptopu yenye chaji. Stima ikipotea katikati kazi itakatika, na flopi ya miaka 30 huenda isivumilie kuwashwa na kuzimwa.

8. Majina na nakala. Ipe faili jina linaloeleweka na mtu asiyekujua: jina la gemu, mwaka, lugha, kitu, namba ya ukurasa. Weka nakala kwenye hadi diski, nyingine kwenye flashi iliyo nyumba tofauti na yako. Mimi yangu iko kwa dadangu.

9. Hifadhi. Malindi unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na koga hustawi kuanzia kama 65. Lengo ni kati ya 40 na 50, na njia rahisi ni boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, vitu vikiwa ndani ya bahasha za karatasi, vifuko vya silika pembeni, na kipima unyevu kidogo. Lakini lifunge siku kavu ya kaskazi. Nilifunga moja katikati ya masika, nikaufungia unyevu humo humo. Nilipolifungua mwezi wa nane, bango lilikuwa na manyoya. Chembe za silika zenye rangi zikibadilika, zikaushe kwenye oveni, nyuzi 120, saa mbili. Chagua zile za rangi ya chungwa, zile za buluu zina sumu.

Kwa walioko Lamu: kuta za mawe hutunza ubaridi, na unyevu pia. Usiweke makasha ndani ya kidaka kilichoshikana na ukuta wa nje, yaache shubiri moja mbali na ukuta, juu ya ubao. Na ukivusha vitu kutoka Mokowe, vitie ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mfuko wa plastiki hautoshi kwa mrusho wa bahari.

Kabla hujasema "nina mchoro wa asili"

Chukua kioo cha kukuzia au simu yenye kukuza. Ukiona vinukta vya buluu, pinki, manjano na nyeusi vimepangika kama maua madogo, hiyo ni chapa. Mchoro wa mkono hauna vinukta. Una mikwaruzo ya brashi, rangi iliyosimama juu ya karatasi, mistari ya penseli chini yake, mara nyingine maandiko ya mchoraji pembeni. Ukikuta hivyo, usiguse tena, piga picha mbele na nyuma, na uwasiliane na Video Game History Foundation ya Marekani. Taasisi hiyo ilianzishwa 2017 kwa kazi hii hasa.

Na hakimiliki: kasha ni lako, mchoro na gemu bado ni mali ya kampuni. Nakala za flopi usizigawe ovyo. Ukitaka kujifunza kuendesha gemu za zamani kwa halali, chukua programu ya ScummVM, na kwenye tovuti yake upakue Beneath a Steel Sky na Flight of the Amazon Queen, ambazo wenyewe waliziruhusu zitolewe bure.

Mambo yakienda kombo

*Kurasa zimegandana.* Kama karatasi ni ya kung'aa, ziache. Mvuke wa birika ambao kila mtu hushauri huyeyusha ule utando na kuzigundisha zaidi. Skani zinazofunguka.

*Harufu haitoki.* Ndoo kubwa yenye kifuniko, bakuli la magadi ya kuokea chini, kitu juu ya waya kisiguse bakuli, wiki mbili. Usinyunyize marashi wala udi. Mafuta yake hukaa kwenye karatasi.

*Skani ina mawimbi kama maji.* Ni vile vinukta vya chapa vinagombana na skana. Panda hadi 1200, kisha upunguze picha baadaye. Ikishindikana, zungusha kijitabu kidogo kwenye kioo na uskani tena.

*Flopi inakwaruza.* Itoe hapo hapo. Safisha kichwa cha kisomaji kwa pamba na isopropili ya asilimia 99, isiwe spiriti ya kidonda ya kawaida. Kiache kikauke, kisha jaribu flopi isiyo na thamani kwanza.

*Flopi inasomeka nusu.* Jaribu kisomaji kingine kabla ya kukata tamaa. Vichwa vya visomaji havikai sawa vyote, na flopi iliyokataa kwangu mara sita ilisomeka yote kwa kisomaji cha fundi mmoja karibu na soko la zamani, cha kompyuta aliyokuwa akiitumia kama meza.

*Kuna mtu alikwisha gundisha seloteipu.* Usiibandue. Skani ilivyo, na ukurasa huo uutie bahasha yake peke yake, kwa sababu gundi ikizeeka kwenye joto hili huchuruzika na kushika ukurasa wa jirani.